Mtoto wa simba, duma au mondo aliyelelewa kwa chupa: kwa nini akikua anamgeuka aliyemlea?

#1 Tumaini_K (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mitandaoni hazipiti siku mbili bila video ya mtu amelala kitanda kimoja na duma, au binti anamnywesha mtoto wa chui milia maziwa ya chupa, au mondo, yule paka pori mwenye miguu mirefu, anapita juu ya kochi kama yuko kwake. Maoni chini yake ni mioyo mitupu na "na mimi namtaka". Ukifuatilia baada ya miaka miwili mitatu, mnyama yuleyule yuko kizimbani nyuma ya nyumba, au kapelekwa kituo cha kuokoa wanyama, au kamrarua mwenyewe.

Ninachotaka kuelewa ni hiki. Mnyama huyo hajawahi kuliona pori. Hakufundishwa kuwinda na mama yake. Mama anayemjua ni binadamu mwenye chupa. Sasa kinachobadilika ni nini? Damu? Malezi? Homoni? Na kama paka wa nyumbani naye asili yake ni pori, yeye aliwezaje na hawa washindwe?

Jambo hili linaniuma kwa sababu zinaumia pande zote mbili, na wengi wanaoanza wanaanza kwa mapenzi ya kweli. Wenye ujuzi mfunguke.

#2 Pilipili Hoho

Nimekaa siti ya mbele. Ila simba ni simba, hata umlaze kwenye chandarua.

#3 Kipanga99

Niliwahi kujitolea kwenye kituo kinachopokea wanyama wa namna hii, nitasema nilichokiona.

Watu wanadhani wanaletwa kwa sababu wameuma. Kwa mondo haikuwa hivyo. Karibu wote tuliowapokea waliletwa kwa sababu ya mkojo. Mondo akipevuka, awe dume au jike, anaweka mipaka ya eneo lake kwa kurusha mkojo kinyumenyume: kwenye kochi, pazia, godoro, begi la shule, hata miguuni kwa mwenye nyumba akiwa amesimama anaongea na simu. Kumhasi kunawasaidia baadhi, wengine hawabadiliki hata kidogo. Nyumba inanuka, wageni wanakata mguu, wenye nyumba wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mnyama anahamishiwa bafuni, kisha gereji, mwisho kizimba cha waya.

Kuuma kunaanzia hapo. Huyu ni mnyama wa kilo 9 hadi 18, mwenye miguu mirefu kuliko paka yeyote ukilinganisha na mwili wake, anayeruka juu karibu mita 3 kumdaka ndege akiwa hewani. Umemfungia usiku kucha mahali pasipo na cha kufanya. Anazunguka njia ileile mpaka nyasi zinakwisha na kubaki udongo mtupu, anajilamba mpaka ngozi inatoka damu, na mkono unaoingiza chakula ndicho kitu pekee kinachosogea mbele yake siku nzima.

Kwa hiyo mimi sioni usaliti wowote hapo. Naona mnyama aliyepevuka ndani ya nyumba iliyomtaka akiwa mchanga tu.

#4 Daktari wa Kwato

Nakazia #3, na naongeza kitu ambacho wengi hawakitazami: maumivu.

Kuna mtoto wa simba aliletwa kliniki nilipokuwa nafanya kazi, anajikokota, miguu ya nyuma imepinda. Mwenye naye aliamini kagongwa na gari. Hakugongwa na chochote. Alikuwa analishwa nyama tupu, steki safi isiyo na mfupa, na mwenyewe akijinyima ili mnyama ale. Nyama ya misuli ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo sana. Mwili ukiikosa kalisiamu unaichota kwenye mifupa yenyewe. Mifupa inalainika, inapinda, inavunjika kwa kuruka tu kutoka kitini. Porini mama anawafikisha kwenye mzoga mzima, wenye mifupa, ini, matumbo na ngozi. Ipo pia taurini, kirutubisho cha lazima kwao. Jamii ya paka haiwezi kujitengenezea ya kutosha. Mnyama akiikosa kwa muda mrefu macho yanakufa na moyo unatanuka.

Mnyama wa hivyo anaumia kila anapobebwa na hana namna ya kusema. Siku akimng'ata mtoto aliyemkumbatia, watu wanasema asili imeamka.

Na wanaowatoa kucha ili "wawe salama", naomba waelewe wanachokifanya. Kinachokatwa pale ni mfupa wa mwisho wa kila kidole. Mnyama mzito anatembea juu ya vidole vilivyokatwa ncha maisha yake yote, na silaha inayobaki ni meno, ambayo anajifunza kuyatumia mapema.

#5 Mzee wa Kumbukumbu

Vijana, hili swali ni la zamani kuliko simu zenu.

Mfalme Akbar wa India, karne ya 16, anasimuliwa kuwa alikuwa na duma wapatao 1,000 wa kuwindia swala. Walivaa kola, walibebwa kwenye mikokoteni, walilala karibu na watunzaji wao. Hakuna mahali duma walipata watunzaji wengi na wazoefu kuliko pale. Pamoja na yote hayo, hawakuzaliana. Mwanawe Jahangir aliandika kwa mshangao juu ya duma jike aliyezaa, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo halijapata kuonekana. Kumbukumbu inayofuata ya duma kuzaa akiwa mikononi mwa watu ni ya bustani ya wanyama ya Philadelphia, mwaka 1956.

Maana yake nini? Kila duma wa Akbar alikamatwa porini. Kila kizazi kilianza upya kwenye sifuri. Hapakuwa na nafasi ya kuchagua wazazi wapole wazae watoto wapole. India iliendelea kuwakamata, kuwawinda na kuwamalizia mbuga zao mpaka mwaka 1952 ikatangaza kuwa duma wametoweka nchini.

Paka wa nyumbani alikuja kwa njia nyingine kabisa. Kule Kupro kuna kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, mtu kazikwa na paka pembeni yake, na kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo alivushwa kwa chombo. Hakufuatwa porini na mtego. Watu walilima, wakaweka nafaka ghalani, panya wakaja, paka wakafuata panya. Waliokuwa waoga mno wa binadamu walirudi porini, waliovumilia walikula na kuzaa hapohapo. Kazi hiyo iliendelea kwa maelfu ya miaka bila mtu kuipanga. Huwezi kuibana ndani ya chupa moja ya maziwa.

#6 Tumaini_K

Asante Mzee. Hilo la duma kutozaa sikuwahi kulisikia.

#7 Jicho la Tatu

Nawaheshimu wote mliotangulia ila mnaniacha njiani. Mnazungumza kama malezi si kitu.

Simba Christian. Vijana wawili kutoka Australia walimnunua dukani London mwaka 1969, wakamlea katikati ya jiji. Mwaka 1970 akapelekwa Kora, Kenya, kwa George Adamson, akafundishwa kuishi porini. 1971 wale vijana wakaja kumtazama. Simba ameshakuwa huru, hana njaa ya chakula chao, hana mnyororo. Aliwaona kwa mbali, akashuka mwambani polepole, kisha akakimbia na kuwarukia akiwakumbatia mabegani. Picha zake dunia nzima imeziona.

Kama damu ndiyo inayoamua kila kitu, pale kilichotokea ni nini?

#8 Mama Wawili

Ile video hunitoa machozi kila nikiiona. Jicho la Tatu nakuunga mkono, mapenzi yapo.

#9 Mzee wa Kumbukumbu

Mapenzi yapo, sijayakataa. Lakini ukiisimulia habari ya Kora isimulie yote.

Christian aliondolewa London kwa sababu alikuwa anakua na ile sehemu ya chini ya duka alimoishi haikumtosha tena. Waliomlea waliliona hilo mapema, kabla hajamdhuru mtu, na nawapongeza kwa hilo. Alipofika Kora alimkuta dume mkubwa anaitwa Boy, ambaye naye alikuwa amezoea watu tangu zamani. Mwaka huohuo wa 1971 Boy alimuua mfanyakazi wa kambi. Adamson, mtu aliyewapenda simba kuliko wengi wetu tunavyopenda chochote, alimpiga Boy risasi kwa mkono wake.

Kambi moja, mlezi mmoja, mwaka mmoja. Simba mmoja akakumbatia, mwingine akaua. Ukiniambia malezi yanaeleza yote, nieleze hao wawili.

#10 Jicho la Tatu

Na wewe ukiniambia damu inaeleza yote, nieleze hao hao wawili. Damu yao ni moja.

#11 Pilipili Hoho

Hapo Mzee kapigwa na rungu lake mwenyewe.

#12 Nyuzi za Jeni

Samahani kuingilia, ila "damu" mnaijumlisha mno. Simba wawili hawana jeni sawa kama ambavyo ndugu wawili wa tumbo moja hawana hasira sawa.

Mwaka 1959 huko Novosibirsk, Urusi, mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha kwa kigezo kimoja tu: yule anayemwogopa mtu kidogo kuliko wenzake ndiye anayezaa. Kabla ya kizazi cha 10 walishapatikana wanaotikisa mkia wakimwona mtu na kulamba mikono. Hawakubembelezwa kuliko wengine. Walichaguliwa. Na mwaka 2014 wanasayansi walilinganisha jeni za paka wa nyumbani na za paka mwitu, tofauti zikaonekana kwenye sehemu zinazohusika na kumbukumbu, woga na kujifunza kwa kupewa zawadi.

Kwa hiyo mtoto wa simba unayemnyonyesha anaweza kukuzoea wewe, sura yako, harufu yako. Woga na wepesi wa kushtuka aliozaliwa nao uko palepale, na watoto wake watazaliwa nao. Mazoea ya mnyama mmoja hayarithiwi.

#13 Mzee wa Kumbukumbu

Nyuzi, marekebisho madogo. Wale mbweha wa Belyaev hawakutoka msituni moja kwa moja. Walitoka kwenye mashamba ya manyoya, na ukoo wao ni wa mbweha waliokuwa wameshafugwa Kanada kwa miongo mingi. Kwa hiyo hawakuanza sifuri.

#14 Nyuzi za Jeni

Sawa kabisa Mzee, asante. Hoja ya uchaguzi inabaki, kasi ndiyo inayotiliwa shaka.

#15 Mama Wawili

Naomba kuuliza. Kuna hawa chotara wanaoitwa Savannah, mondo kachanganywa na paka wa kawaida. Wanangu wananisumbua tuchukue mmoja. Hao nao wako kundi gani?

#16 Nyuzi za Jeni

Mama Wawili, inategemea ni kizazi cha ngapi kutoka kwa mondo.

Wa kwanza alizaliwa Marekani mwaka 1986. Kumpata chotara wa kizazi cha kwanza ni shida, kwanza kwa sababu dume mondo humtazama paka jike kama mlo, pili mimba zenyewe haziendani: mondo hubeba kama siku 74, paka kama 63 hadi 65. Watoto wengi huzaliwa njiti. Madume wa vizazi vya mwanzo ni tasa. Yule wa kizazi cha kwanza ana takriban nusu ya mondo ndani yake, na tabia zile alizoandika Kipanga #3 anaweza kuwa nazo zote. Kadiri unavyoshuka kizazi cha 4, cha 5, unakaribia paka wa kawaida mwenye masikio makubwa na nguvu nyingi. Bengal naye ni hivyo hivyo, ila mzazi wake wa pori ni yule paka chui mdogo wa Asia.

Nchi nazo zinatofautiana. Australia ilikataa Savannah wasiingie kabisa tangu 2008, kwa kuhofia wanyama wake wadogo. Uingereza kizazi cha kwanza kinadai leseni, kuanzia cha pili hakidai.

#17 Mwenye Chotara

Mimi ninaye Savannah wa kizazi cha 5. Ni paka. Anafungua milango kwa kuning'inia kwenye kitasa, anaingia kuoga na mimi, anachota vitu majini kwa mkono, na akikosa mtu wa kucheza naye jioni anavunja vyombo. Hajawahi kumkwaruza mtoto kwa ubaya.

Ninachokipinga ni watu kutuweka kapu moja na mwenye chui milia. Na niseme zaidi: wapo watu binafsi wenye ardhi, pesa, maarifa na daktari anayejua kazi, wanaowatunza mondo na simbamangu (paka pori mwingine) vizuri kuliko bustani nyingi za wanyama. Nimewaona wenye mabwawa, miti ya kupanda, uzio mrefu uliopinda ndani. Kwa nini hao nao wahukumiwe kwa makosa ya mpuuzi mwenye ghorofa?

#18 Pilipili Hoho

Weka picha ya huyo anayeoga na wewe. Ya paka, wewe baki nyuma ya pazia.

#19 Msomaji Mkimya

Leo nimeamua kuandika. Mwenye ghorofa yupo kweli. Oktoba 2003, Harlem, New York, polisi walimkuta chui milia anaitwa Ming ndani ya nyumba ya ghorofani. Alinunuliwa akiwa na wiki chache, akakulia humo humo. Nyumba hiyo hiyo ilikuwa na mamba pia. Askari alishushwa kwa kamba nje ya jengo, akampiga sindano ya usingizi kupitia dirishani.

Ilivyogundulika sasa. Mwenye nyumba alikuwa ameokota paka mdogo mtaani akamleta nyumbani. Ming akamrukia yule paka. Mtu akaingia katikati kumwokoa, akang'atwa yeye. Hospitali akawaambia ni mbwa.

Kwangu hapo majibu ya damu na malezi yote yanayumba. Ming hakumlenga aliyemlea. Alilenga kitu kidogo kinachokimbia, mlezi akawa njiani.

Na mjue Marekani kuna chui milia wengi kwenye vizimba kuliko waliobaki porini dunia nzima. Elfu tano.

#20 Sheria Kwanza

Msomaji, kisa cha Ming umekieleza sawasawa. Hiyo elfu tano usiikazie. Ni makisio yaliyorudiwa miaka mingi mpaka yakaonekana hesabu. Sensa haikuwahi kufanyika, kwa sababu majimbo mengi hayakuwa na daftari lolote. Na hao wa porini nao makisio ya 2022 yaliwaweka kati ya 3,726 na 5,578. Huwezi kulinganisha namba mbili za namna hiyo ukatangaza mshindi.

Mwenye Chotara, nakujibu kuhusu "wenye ardhi na pesa". Oktoba 2011, Zanesville, Ohio. Mtu ana shamba, ana vizimba, ana uzoefu wa miaka. Siku moja akafungua milango akajiua. Wanyama wapatao 50, wakiwamo simba na chui milia kwa makumi, wakatoka jua likielekea kuzama, pembeni ya barabara kuu. Polisi waliokuwa na bunduki za kawaida waliwaua wengi mno. Kati ya waliokufa walikuwamo chui milia 18 na simba 17. Wale wanyama hawakumgeuka mtu. Walitoka mlangoni tu.

Sheria huwa zinakuja nyuma ya maiti. Uingereza walipitisha yao mwaka 1976, baada ya miaka ya watu kutembea na simba mitaani kwa fasheni. Tangu hapo unahitaji leseni ya halmashauri, ukaguzi wa daktari wa wanyama na bima. Marekani 2003 walizuia kuwauza paka wakubwa kama wanyama wa nyumbani kuvuka jimbo, na Desemba 2022 wakafunga mlango wa kuwamiliki, waliokuwa nao wakapewa hadi Juni 2023 kujiandikisha, bila kuzalisha wala kununua wengine. Falme za Kiarabu wana sheria yao ya 2016. Urusi nao wamezuia wanyama wa orodha maalumu majumbani tangu 2020.

Lakini hiyo ya Marekani inawataja simba, chui milia, chui, chui wa theluji, chui wingu, jagwa, duma na puma. Mondo hayumo. Simbamangu hayumo. Biashara imehamia kwao.

#21 Msomaji Mkimya

Nimekuelewa mkuu kuhusu takwimu. Na hilo la biashara kuhamia kwa mondo ni kweli: yupo yule wa Cincinnati, Marekani, 2023, aliyeruka kutoka kwenye gari la mtu aliyesimamishwa na polisi, akapanda mtini, wakadhani ni chui. Walipompima wakamkuta na kokeini mwilini.

#22 Mama Wawili

Kokeini? Mnyama wa watu jamani.

#23 Kapteni Mstaafu

Nasoma tu ila #20 imenigusa pa kusemea. Mnajadili mnyama akishafika sebuleni. Mimi naongelea njia anayopita.

Nimefanya kazi ya bahari Ghuba ya Aden. Watoto wa duma hutoka Ethiopia na Somalia, wanapitishwa Somaliland, wanavushwa Yemeni kwa mashua, wanaingia nchi za Ghuba. Wanabebwa kwenye makasha ya matunda, kwenye magunia, wengine macho hayajatulia. Tuliwahi kuona kasha limefunguliwa bandarini, hai walikuwa wachache kuliko wafu, na hao hai walikuwa wamekauka kwa kuharisha, hawana hata nguvu ya kulia. Duma wote wamo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 1975, biashara hiyo ni haramu kabisa, na bado inapita.

Duma waliobaki porini walikadiriwa mwaka 2016 kuwa 7,100 hivi, dunia nzima. Shirika la Cheetah Conservation Fund lina kituo Somaliland kwa ajili ya wale wanaokamatwa njiani, na hao hawarudi tena porini, kwa sababu hapana mama wa kuwafundisha. Kila mmoja mnayemwona kwenye video amevaa mkufu wa dhahabu, jiulizeni waliokuwa naye kwenye kasha wako wapi.

#24 Kipanga99

Kapteni, asante kwa kuandika.

#25 Jicho la Tatu

Kapteni umeniumiza, na biashara hiyo sitaitetea kamwe. Narudi kwenye swali la mleta mada, nina nadharia.

Tazameni maisha yao. Simba anaishi kwa ukoo. Madume wa duma hutembea kwa vikundi vya ndugu. Chui, chui milia, mondo, simbamangu wanaishi peke yao. Mtoto wa mnyama wa upweke anampenda mama yake kwa dhati mpaka umri fulani, halafu mwili unamwambia ondoka, na mama naye anamfukuza. Wewe mlezi humfukuzi. Umemfungia mlango. Kwa hiyo anabaki na mama ambaye alitakiwa awe ameshamwacha, ndani ya eneo moja, na kwa mnyama wa upweke mtu mzima wa pili ndani ya eneo lako ni mpinzani. Simba hana shida hiyo, na ndiyo maana Christian alikumbuka.

#26 Daktari wa Kwato

Nadharia nzuri ila ina tundu. Babu wa paka wa nyumbani, kimburu, naye ni mnyama wa upweke. Angefukuza na kufukuzwa vilevile. Na simba wa ukoo ndiye huyo Boy.

Mimi nitabaki na ninachokiona mezani: umri wa kupevuka, maumivu, na kitu kidogo kinachokimbia. Hayo matatu yakikutana, hata mlezi bora anaumia.

#27 Jicho la Tatu

Dokta, kimburu alichaguliwa kwa miaka elfu kadhaa mpaka upweke ukapungua, soma #5 na #12. Tundu limezibwa.

#28 Mwenye Chotara

Nje ya mada kidogo. Kwa nini duma anakoroma kwa raha kama paka wangu na simba hafanyi hivyo?

#29 Nyuzi za Jeni

Simba, chui, chui milia na jagwa wananguruma. Zamani ilielezwa ni ule mfupa wa koo, kwao haujakakamaa wote. Siku hizi uzito unawekwa kwenye nyuzi za sauti, kwao ni nene na pana. Chui wa theluji ana mfupa kama wao lakini hangurumi, ndiyo maana maelezo ya mfupa peke yake hayatoshi. Duma na puma wako upande wa paka wako: wanakoroma, hawangurumi. Duma akiita watoto utadhani ni ndege.

#30 Kipanga99

Turudi ndani. Kuna tukio moja linaonyesha kwa nini hatutakubaliana hapa. Oktoba 3, 2003, Las Vegas, mwanamazingaombwe Roy Horn yuko jukwaani na chui milia mweupe anaitwa Mantacore, mnyama aliyefanya naye kazi miaka. Mnyama akamkamata shingoni akamburuta nje ya jukwaa mbele ya watazamaji. Roy alipona na ulemavu.

Yeye na mwenzake walishikilia mpaka mwisho kwamba alipata kiharusi jukwaani na mnyama alikuwa anamwokoa, kama anavyobebwa mtoto. Mmoja wa watunzaji alisema Roy alimwongoza vibaya usiku ule na mnyama akachanganyikiwa. Wengine wakasema kilimshtua kitu kwa watazamaji. Serikali ilichunguza, haikutoka na jibu moja. Watu walikuwepo, wataalamu walikuwepo, na mnyama alijulikana tangu akiwa mchanga.

Na kuhusu weupe wake: karibu ukoo wote wa chui milia weupe waliofugwa unarudi kwa dume mmoja, Mohan, aliyekamatwa Rewa, India, mwaka 1951. Ili weupe utoke, alizalishwa na binti yake mwenyewe. Makengeza mnayoyaona na kuyaita mazuri yanahusishwa na jeni ileile ya weupe. Nimeshawalisha wenye makengeza hayo. Wanakosea umbali wa nyama iliyo mbele ya pua yao.

#31 Tumaini_K

Nimesoma kila bandiko. Swali jingine: hao walioko vituoni tayari, hawawezi kurudishwa porini kama Christian?

#32 Kipanga99

Wengi hawawezi, na sababu kubwa wala si kuwinda. Kuwinda wanajifunza. Tatizo hawaogopi watu: akisikia njaa ataelekea kwenye nyumba, kwa sababu ndiko chakula kilikotoka siku zote.

Wapo waliofaulu. Urusi Mashariki, chui milia jike Zolushka aliokotwa yatima mwaka 2012, akaachiwa hifadhi ya Bastak 2013, akaja kuzaa huko. Ila alilelewa kwenye boma asikoona binadamu kabisa, mawindo hai yakiingizwa bila yeye kujua yanatoka wapi. Mnyama aliyelala kitandani kwa mtu hawezi kupitishwa njia hiyo tena.

#33 Mama Wawili

Nimewasomea wanangu #4 na #23. Mdogo amesema basi tuchukue paka wa mtaani.

#34 Mwenye Chotara

Mama, uamuzi mzuri, ila mseme na mtu mwenye kizazi cha 5 kabla hamjatufungia wote mlango.

#35 Jicho la Tatu

Mzee wa Kumbukumbu hujanijibu #10. Boy alizoeshwa watu wengi tofauti kwa miaka, kila mara mikono mipya. Christian alikuwa na wawili tangu mwanzo. Mimi naona hapo ndipo tofauti ilipo, na haipo kwenye jeni wala kwenye meza ya Dokta. Kama una jingine, lilete.